Niliyapita Majengo Yale Nimebeba Ubao

Kilelengwani,
Jumamosi alasiri

Mwanangu Hiribae,

Salamu nazirukia. Asubuhi tumekunywa uji wa sufuria moja na kikohozi chako nimekisikia, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Sasa hivi uko ng'ambo ya mto unawaaga wajomba zako, nao hawatakuachia mpaka wamalize mawaidha yote waliyonayo. Shangazi yako anakunja mashati yako, anayakunjua, anayakunja tena. Mambo ya chandarua, dawa ya tumbo na kutolala bila kusali amekwisha kukuambia yeye, na kama kuna lililobaki atakuambia kesho kwenye pantoni ya Garsen mbele ya watu wote. Mimi nimejipa kazi moja tu. Nataka kukutembeza chuoni kabla hujafika.

Najua utacheka. Utasema, baba, chuo hicho nakijua tangu utoto. Ni kweli. Mafuriko yakishuka na kuacha mchanga laini ukingoni, nilikuwa nachukua kijiti na kukuchorea: hili lango, hii ofisi yenye saa, hii maktaba, huu ukumbi mkubwa. Nilikuwa nakufumba macho kwa kiganja na kukuambia uende kwa miguu yako kutoka langoni hadi bwenini bila kukanyaga ukuta. Ulijua maktaba iko wapi kabla hujapelekwa darasa la kwanza. Siku moja ng'ombe wa Guyo, rafiki yetu Muorma, walishuka malkani, njia yao ya mtoni, kunywa maji wakaikanyaga maktaba yote, nawe ukalia. Guyo alikuinamia akasema, "Pole, mtoto. Ng'ombe hapana jua nyumba ya nani." Ulidhani tunacheza. Sikukuambia kwamba mimi sikuwa nacheza.

Sikukusomesha ili upate elimu, Hiribae. Nilikusomesha ili umuumize mtu. Mtu huyo anaitwa Zakaria, yuko hai, na utamwona kabla hujapanga nguo zako bwenini.

Unachojua ni kwamba baba yako aliwahi kuwa seremala katika chuo kile cha mlimani, akachoka na baridi, akarudi nyumbani. Sikuchoka na baridi. Nilikwenda mwaka vita vya Wajerumani vilipokuwa vinaelekea kwisha, wewe ukiwa na miaka mitano. Mwalimu wa useremala wa misheni alinipa barua, nikapanda treni siku mbili nikiwa nimeipakata randa yangu isije ikaibiwa. Kazi niliyopewa ilikuwa mlango wa ukumbi mkubwa. Ukisimama langoni, ukumbi ndio jengo unaloliona kwanza, juu kabisa ya mteremko, una nguzo nne nyeupe, na uso wake umeelekea machweo. Jua la alasiri linaupiga mlango ule bila huruma.

Zakaria alikuwa nyapara wetu. Mtu mfupi, nadhifu, kalamu sikioni saa zote. Mbao za mvule alizipanga bandani, kila ubao umewekewa vijiti chini ili upepo upite, akasema hakuna kuzigusa miezi sita. Mimi nikaziangalia kwenye ncha zake, nikaona nyufa zimeanza, moyo ukaniuma. Wewe ni mtoto wa Tana, unajua tunavyofanya hapa. Mtumbwi ukishachongwa hauachwi juani. Tunauzamisha kwenye maji ya kina kifupi na kuupaka tope, na mwenye kuuacha ukingoni ukapasuka huchekwa hata na watoto. Babu yako alinichapa kwa kosa hilo nikiwa na miaka minane. Kwangu mimi ubao mkavu ulikuwa ubao unaokufa. Nilimwambia Zakaria hivyo. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe mtu ya mto. Hii ni mbao, hapana samaki."

Basi miezi ile ilipokaribia kutimia, alipofiwa na kaka yake na kwenda kwao wiki mbili, mimi nikaziokoa zile mbao. Ndivyo nilivyojiambia, naziokoa. Nilichukua vibarua wawili, tukazibeba zile nzuri kuliko zote, tukazizamisha katika shimo la wafyatua matofali lililojaa maji ya mvua. Zilikaa humo siku nane. Nyufa zikafumba kabisa. Nikazitoa, nikazifuta kwa gunia, nikazipiga randa zingali na unyevu, nikaunda mlango. Zakaria aliporudi aliukuta umesimama mahali pake, haupitishi hata wembe. Aliupapasa, akaniita fundi mbele ya wenzangu wote. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilipokea sifa nikanyamaza.

Miezi minne jua lilifanya kazi yake. Siku ya kuufungua ukumbi alikuja mgeni mkubwa wa serikali, viti vikajaa, na katikati ya hotuba yake ubao wa kati wa mlango ukapasuka toka juu hadi chini kwa mlio wa bunduki. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Askari mmoja alilala kifudifudi. Mama mmoja wa Kizungu alimwangukia kasisi. Mgeni mwenyewe alijificha nyuma ya meza, na alipoinuka kofia yake ilikuwa imekaa upande, na watu wote wakaona. Mimi nilikuwa nje dirishani na, nakiri, kabla sijaelewa kilichotokea nilicheka.

Mzungu wa majengo alimtoa Zakaria nje akamzaba kofi mbele yetu sisi maseremala. Akamwambia amtafute aliyefanya au aondoke yeye. Kibarua wangu mmoja akanitaja. Huyo sina neno naye, alikuwa na watoto wanne.

Sasa twende pamoja. Jumatatu asubuhi Zakaria aliung'oa ule ubao uliopasuka, mrefu kuliko mimi, akanitwika kichwani. Alisema tutapita jengo baada ya jengo, na kwa kila jengo nitasimama na kutamka kwa sauti, "Mimi ndiye niliyelowesha mbao."

Kutoka ukumbini unashuka ngazi hadi maktaba. Ni nyumba ndefu ya matofali mekundu yenye madirisha marefu, na ndani kuna meza nilizozitengeneza mimi kwa mbao alizozikausha Zakaria. Naambiwa haijapinda hata moja. Wanafunzi walikuja madirishani na vitabu mikononi. Nikasema maneno yangu. Wengi hawakujua Kiswahili, kwa hiyo Zakaria akawatafsiria, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko nilichosema, wakacheka mara tatu. Kisha mwanamke wa Kizungu mwangalizi wa vitabu alikuja akalifunga dirisha polepole, bila kunitazama. Nadhani alinionea huruma. Nilimchukia kwa huruma ile kuliko nilivyowachukia waliocheka, na hadi leo sijui kwa nini.

Maabara iko nyuma ya maktaba, utaijua kwa harufu ya mayai viza. Siku ile hapakuwa na mtu ila mfagiaji mmoja, nikadhani tutapita tu. Zakaria akanisimamisha. Nikamwambia mfagiaji kwamba mimi ndiye niliyelowesha mbao. Akasema, "Haya," akaendelea kufagia.

Bwalo la chakula tulilifikia saa ya chakula cha mchana, na naamini alikuwa amepanga hivyo. Sikuwa nimekula tangu jana yake na wali ulikuwa unanukia. Walipiga vijiko mezani nilipomaliza kusema, kama wanavyopiga wakidai nyama. Mpishi akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ubao, kwa hiyo alininywesha kama mtoto, na maji mengi yakaingia kifuani.

Sasa bweni, hilo la ghorofa mbili lililo mkono wa kulia ukitoka bwalo, na huenda ndimo utakamolala. Hapo nataka utulie, kwa sababu hapo si Zakaria aliyekosa. Kijana mmoja wa pwani, wa Lamu nadhani kwa maneno yake, alishuka ngazi na wenzake sita. Akasema, "Baba, tua mzigo. Mja hatendwi haya." Shingo yangu ilikuwa imekufa ganzi. Zakaria alikuwa peke yake, na niliona amerudi nyuma hatua moja. Ningeutua ubao ule, mambo yangeishia pale, nami ningerudi kwenu na habari ya vijana saba walionitetea. Nikamwambia, "Ahsante, bwana mdogo. Niache, nitafika." Nilitaka kufika mwisho ili chuki yangu iwe nzima, asiwepo mtu wa kuipunguza. Kulowesha mbao lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Lile la bwenini nililifanya nikijua.

Jengo la mwisho ni ofisi yenye saa. Pale nilisomewa kwamba nimefukuzwa. Niliomba niondoke na ule ubao, maana nilikuwa nimeubeba kutwa na niliuona ni wangu. Wakaukata kuni za bwalo.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama yako yote. Alisikiliza mpaka kwenye shimo la matofali, akauliza, "Mume wangu, ulizamisha mlango wa watu?" Akacheka hadi akakaa chini. Halafu akaniona uso, akaniletea maji ya kuoga. Lakini alinifahamu. Miaka yote iliyofuata, nikikaa kimya sana shambani, alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na wanaume wawili, wewe na Zakaria wako. Na huyo Zakaria halimi."

Mwenye kovu usimdhani kapoa. Nilipanga hivi: usome, ufike kule, umalize, upewe cheo cha kusimamia majengo, umkute Zakaria amezeeka, amefikia umri wa kupumzika, umtwike ubao kichwani. Nilikuwa naulizia habari zake kwa kila aliyetoka kule, na kila niliposikia bado ni mzima nilimshukuru Mungu kwa afya yake. Ulipopata namba mbili darasani nilikuchapa, ukadhani baba anapenda namba moja. Wenzako walipokwenda kuvua kambare kwenye madimbwi ya mafuriko, nilikufungia na hesabu. Guyo aliwahi kuniuliza, "Komora, huyu mtoto amekosa nini?" Nikamjibu hajakosa. Akasema, "Basi wewe achia yeye kidogo." Sikukuachia.

Pasaka ya mwaka huu mwalimu Dhadho alikuja kututembelea. Unajua alisoma chuo kile. Hajui kilichonitoa kule, kwa hiyo alinisimulia kwa furaha. Alisema yupo mzee mmoja wa funguo, mfupi, nadhifu, ambaye kila mwaka siku ya kwanza huwachukua wanafunzi wageni na kuwatembeza majengo yote. Akifika ukumbini hugonga mlango kwa kishada cha funguo na kuwasimulia habari ya mjinga mmoja kutoka mtoni, aliyeuzamisha mlango dimbwini kwa kuwa alidhani ni mtumbwi. Wageni wote hucheka. Imekuwa desturi yao, asiyesimuliwa kisa kile anaona kama hajapokewa. Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka kikombe cha chai mkononi. Nami nikacheka naye, nikamwongezea chai.

Kwa hiyo wiki ijayo utasimama mbele ya mlango ule na wenzako usiowajua, na mzee yule atagonga kwa funguo zake. Ndiyo maana nimekuandikia. Sikutaka ulisikie kwake kwanza.

Maneno ya kumjibu ninayo. Kofi lake nimelikumbuka miaka kumi na miwili, maneno nimeyatunga tangu Pasaka nikipalilia mpunga. Akimaliza, wenzako wangali wanacheka, umwambie hivi: "Mzee, mtu huyo ni baba yangu. Sasa wasimulie na kofi ulilopigwa." Maana nimemuuliza mwalimu Dhadho, na kofi halisimulii. Halafu umtazame usoni, usiondoe macho. Uso huo nimeuona mara nyingi sana nikiwa hapa, najua utakavyokuwa. Utakapoiona midomo yake inatafuta neno, mimi nitakuwa nimepona.

Na bado nayataka hayo, usije ukanielewa vibaya. Simsamehe Zakaria. Mchungaji amenisomea mistari yote anayoijua, nami namjibu amina na simsamehe. Lakini kabla hujanitetea mbele ya watu ni haki yako ujue unamtetea nani.

Mwaka jana, mto ulipofurika, mama yako aliugua siku sita. Nilikuambia njia zilikatika, na kwamba karani wa Garsen alipokea habari akazilalia, simu ya maandishi haikufika shuleni kwenu. Hadi leo humsalimii karani yule. Juzi sokoni alikunyooshea mkono ukageuza uso. Hiribae, karani hakulalia kitu. Alikuja hapa mwenyewe kwa mtumbwi, maji yakiwa yamefika kizingitini, akasema, "Mzee Komora, nipe jina la shule tu, simu yafika leo leo." Nikamwambia asipeleke. Ulikuwa umebakiza wiki moja ufanye mtihani wa kuingia chuoni. Niliona kwamba ukija hutaufanya, na usipoufanya Zakaria atakufa kitandani pake, amefurahi.

Siku ya pili mama yako aliniuliza, "Mtoto ameitwa?" Nikasema ameitwa. Siku ya tatu akasema, "Mbona haji?" Nikasema maji ni mengi, amezunguka kwa njia ya bahari, atapanda mto kutoka Kau. Akaanza kusikiliza. Kila kasia lilipogonga ukingo aliinua kichwa akasema, "Huyo." Alikuwa jirani na ndizi. Alikuwa mchungaji. Alikuwa Guyo na kibuyu cha maziwa. Siku ya tano alinishika mkono akasema, "Baba Hiribae, kama hukumwita niambie, nisichoke kusikiliza." Nikamwambia umefika Kau tayari. Siku ya sita makasia yaligonga, naye hakuinua kichwa.

Ulifaulu. Barua ya majibu ilipokuja niliisoma shambani peke yangu, na nakuambia ukweli wote sasa, nilifurahi kutwa nzima. Ilipofika jioni ndipo nilipokumbuka kwamba sina wa kumwambia.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Zakaria alipigwa kofi akaja kulilipizia kwangu, nami nililia kwamba ni dhuluma. Mimi nikaja kulilipizia kwa mama yako, ambaye hakuwahi hata kuuona mlango wenyewe, na kwako. Nililiona hilo miezi mingi baadaye, na hata nilipoliona sikuwa na ujasiri wa kukuambia uso kwa uso. Kesho pantoni ikishakuvusha nitakwenda kwa karani nimwombe radhi. Hilo nitalifanya kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya askari wake. Kwako nimeshindwa, ndiyo maana barua hii naificha chini ya mashati, uikute kwenye treni. Naogopa uso wako.

Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu nimekufundisha kutosamehe tangu ukiwa mdogo, na wewe ni mwanafunzi mzuri. Nilidhani nakupa kisasi changu ukakimalize. Kumbe nilikuwa nakutengenezea cha kwako mwenyewe, na mtu wako hayuko kule mlimani. Yuko hapa Kilelengwani, anapalilia mpunga, na hatakimbia.

Basi mzee akishagonga mlango na kuanza kusimulia, kumbuka hakuna hata mmoja pale ajuaye wewe ni mwana wa nani. Ukimkatiza ukasema mimi ni baba yako, utanipa zaidi ya ninachostahili. Ukinyamaza, nitaelewa. Na kama moyo wako utakumbuka mama yako alivyosikiliza makasia, basi wenzako wanapomcheka yule mjinga wa mtoni, mcheke nawe. Mcheke kwa nguvu, hadi Zakaria mwenyewe akugeukie. Kisha uniandikie kwamba ulicheka. Nitawaita shangazi yako na wajomba zako, na karani, na Guyo, na barua hiyo nitawasomea kwa sauti, nikiwa nimesimama.

Mimi ni baba yako,
Komora